Kizingiti cha mshahara: namba anayobeba mtu asiye na kazi inatoka wapi?

Mtu aliyepoteza kazi akikataa kazi ya kwanza aliyopewa, huambiwa kwamba mchagua nazi hupata koroma. Akiipokea kisha akaijutia, huambiwa, mara nyingine na watu wale wale, kwamba subira huvuta heri na kwamba angengoja kidogo. Methali zote mbili zina ukweli, lakini hakuna hata moja inayomwambia mtafuta kazi ni wakati gani afuate ipi. Anachohitaji ni namba, yaani kiwango cha mshahara ambacho chini yake atakataa na kuanzia hapo kwenda juu atakubali. Kila anayetafuta kazi anayo namba hiyo, hata kama hajawahi kuitamka.

Tukiite kiwango hicho kizingiti cha mshahara, na tukitenganishe mapema na mambo mawili yanayofanana nacho. Kizingiti si mshahara anaoutamani, kwa kuwa matamanio hayana kikomo na hayamzuii mtu kukubali pungufu. Wala si kiasi anachokitaja mbele ya wasaili, kwa sababu pale mwombaji hupandisha kidogo ili mwajiri apate pa kushusha, au hushusha kwa hofu ya kuachwa. Kizingiti ni mahali ambapo mtu, akiwa peke yake na hesabu zake, huona kwamba kubaki bila kazi mwezi mmoja zaidi ni afadhali kuliko kuipokea kazi iliyo mbele yake.

Kwamba mtu asiye na kipato anaweza kuona hivyo bila kuwa mvivu wala mwenye kiburi ni jambo lililofafanuliwa vizuri na wachumi tangu miaka ya 1960, George Stigler alipoonyesha kwamba habari za mishahara ni kitu chenye gharama, na kwamba mishahara hutofautiana kati ya mwajiri na mwajiri hata kwa kazi ileile. Mwaka 1970 John McCall alilipa wazo hilo umbo la hesabu: mtafuta kazi hupokea ofa moja baada ya nyingine bila kujua ijayo itakuwaje, na njia bora kwake ni kuweka kizingiti kimoja na kuipokea ofa ya kwanza inayokivuka. Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides waliendeleza eneo hilo hilo la utafiti hadi wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mtu aliyepewa kazi ya mshahara wa 700 kwa mwezi, katika fedha yoyote ile, naye anaamini kwamba akisubiri atapata ya 900. Tuseme anaangalia miaka miwili ijayo tu. Akikubali leo, miezi 24 itampa 16,800. Akikataa na ile ya 900 ikaja baada ya miezi mitano, atafanya kazi miezi 19 na kupata 17,100, kwa hiyo kusubiri kumemlipa. Ikichelewa mwezi mmoja tu zaidi, atapata 16,200 na kusubiri kutakuwa kumemtia hasara. Uamuzi wote umesimama kwenye mwezi mmoja, na mwezi huo hauonekani popote isipokuwa kwenye imani ya mtafuta kazi mwenyewe juu ya kasi ya ofa kuja. Ukirefusha muda anaouangalia hadi miaka mitatu, kazi ya 700 itampa 25,200, na ile ya 900 inaweza kuchelewa hadi miezi minane kamili kabla ya kusubiri kugeuka hasara. Ndiyo maana kijana mwenye miaka mingi ya kazi mbele yake anaweza kuwa na sababu nzuri ya kusubiri mahali ambapo mtu anayekaribia kustaafu hana.

Mfano huo umeacha jambo moja nje kwa makusudi, nalo ni chakula cha hiyo miezi mitano. Mtu mwenye akiba, mwenzi mwenye mshahara, kiinua mgongo au mafao ya kukosa ajira anaweza kuifikia siku ya ofa ya 900. Asiye na kitu hawezi, hata kama hesabu inampa haki. Watu wawili wenye ujuzi sawa, wanaoujua ukweli uleule juu ya soko la ajira, wanaweza basi kuwa na vizingiti tofauti kabisa, na tofauti hiyo haina uhusiano wowote na thamani ya kazi ya mikono yao wala ya vichwa vyao. Kwa maoni yangu hapa ndipo lawama nyingi hukosea njia: anayekubali ujira mdogo husifiwa kwa unyenyekevu na anayekataa hulaumiwa kwa kujiona, ilhali mara nyingi wanachotofautiana ni nani anayelipa kodi ya nyumba mwezi huu.

Hadi hapo nadharia inatabiri jambo lililo wazi. Kadiri akiba inavyokwisha na ofa nzuri zinavyozidi kutoonekana, kizingiti kinapaswa kushuka, na kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Alan Krueger na Andreas Mueller walilichunguza jambo hilo katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, wakati uchumi ukiwa bado katika majeraha ya msukosuko wa fedha. Kuanzia msimu wa vuli wa mwaka 2009 waliwauliza watu wapatao 6,000 waliokuwa wakipokea mafao ya kukosa ajira, wiki baada ya wiki, ni mshahara gani wa chini ambao wangeukubali. Baadhi yao walifuatiliwa hadi wiki 24. Waligundua kwamba namba hiyo ina maana, kwa kuwa ilisaidia kutabiri ni ofa zipi zingekubaliwa na zipi zingekataliwa. Waligundua pia kwamba kwa wengi ilianza juu ikilinganishwa na kile ambacho soko lingeweza kuwapa, kisha ikashuka kidogo mno kadiri miezi ilivyopita. Hata mafao yalipokaribia kwisha haikuporomoka.

Kwa nini isishuke? Jibu linaloungwa mkono na ushahidi mwingi ni kwamba kizingiti cha watu wengi kimefungwa kwenye mshahara wao wa mwisho. Hili lilikuwa limeonekana zamani zaidi: Martin Feldstein na James Poterba, katika makala yao ya mwaka 1984 iliyotumia takwimu za Marekani za mwaka 1976, walikuta kwamba kwa wastani watafuta kazi walikuwa wakitaka zaidi ya walichokuwa wakilipwa kabla ya kupoteza kazi, takriban asilimia 7 zaidi. Mshahara wa zamani ni namba ambayo mtu ameiona kwenye karatasi ya malipo kwa miaka, ameipangia ada, mkopo na michango, na kwa muda mrefu imemwambia yeye ni nani. Anapotakiwa kukisia thamani yake kwa mwajiri mwingine hana namba nyingine iliyo karibu kama hiyo. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1974 jinsi akili inavyoanzia kwenye namba iliyopo na kusogea kutoka hapo kwa hatua fupi mno, na mwaka 1979 wakaeleza jinsi hasara inavyouma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Ofa iliyo chini ya mshahara wa zamani hupata pigo la pande zote mbili, kwa kuwa hulinganishwa na namba ya nyuma na huhesabiwa kuwa hasara, hata pale ambapo mbadala wake ni kutolipwa chochote.

Ubaya ni kwamba mshahara wa mwisho ni kipimo kibovu zaidi kwa wale wanaouamini zaidi. Mtu aliyekaa miaka kumi au ishirini mahali pamoja alikuwa akilipwa kwa sehemu kutokana na mambo yasiyohamishika: kuijua mitambo ya kiwanda kile, wateja wale, namna mambo yanavyofanyika pale, na nyongeza zilizorundikana kwa ukongwe wake. Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan waliwafuatilia wafanyakazi wa muda mrefu katika jimbo la Pennsylvania waliopoteza kazi katika miaka ya 1980, na katika makala yao ya mwaka 1993 walionyesha kwamba hata miaka kadhaa baadaye mapato yao yalikuwa chini kwa takriban asilimia 25 kuliko ambavyo yangekuwa. Ujuzi wao haukuwa umepotea, bali sehemu yake ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, naye alikuwa ameshafunga mlango. Anayeshikilia mshahara wa zamani katika hali hiyo anadai bei ya bidhaa ambayo hana tena mkononi, na hakuna aliyemwambia.

Namba ya nyuma inaweza pia kumvuta mtu chini, na upande huu husahauliwa. Simon Jäger na wenzake waliwauliza wafanyakazi nchini Ujerumani wangelipwa kiasi gani kama wangelazimika kuhamia kwa mwajiri mwingine, kisha wakalinganisha majibu na mishahara halisi. Wengi walidhani wangelipwa karibu sawa na wanavyolipwa sasa. Waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko wenzao wa kazi ileile hawakujua kwamba kwingineko wangepata zaidi. Mtu wa namna hiyo akipoteza kazi ataingia sokoni na kizingiti kilicho chini ya thamani yake, atapokea ofa ya kwanza kwa shukrani, na ule unyonge utahamia kwa mwajiri wa pili, kisha wa tatu.

Tafiti nyingine zinaonyesha kwamba namba anayokutana nayo mtu, hata kwa bahati, inaweza kukisogeza kizingiti chake. Nina Roussille alichunguza jukwaa moja la ajira la mtandaoni nchini Marekani, linalotumiwa hasa na wahandisi wa programu, ambako kila mwombaji hutakiwa kuandika mshahara anaoutaka. Wanawake wenye wasifu unaolingana na wa wanaume walikuwa wakiomba pungufu kwa asilimia 2.9. Mwaka 2018 jukwaa hilo lilibadilisha jambo dogo: kisanduku ambacho awali kilikuwa kitupu kikaanza kuonyesha mshahara wa kati wa waombaji wa aina hiyo, na kila mtu akabaki huru kuubadilisha. Pengo katika maombi likatoweka. Wanawake hao hawakuwa wamepewa mafunzo ya kujiamini wala semina ya kujadiliana mshahara. Walikuwa wameonyeshwa namba ambayo wenzao wengi tayari walikuwa wakiijua.

Sheria nayo hufundisha. Armin Falk, Ernst Fehr na Christian Zehnder waliunda soko dogo la ajira katika maabara na kuchapisha matokeo yake mwaka 2006. Walipoweka kima cha chini cha mshahara, washiriki walianza kudai zaidi kuliko awali, wengi wao wakidai kiasi kinachokizidi kima chenyewe, kwa kuwa kupewa kile tu ambacho sheria inalazimisha kulionekana kuwa dharau. Kima kilipoondolewa, madai yao yalibaki juu ya pale yalipoanzia. Watu walikuwa wamekwishajifunza kiasi gani ni haki, na hawakuwa tayari kukisahau kwa sababu kanuni imefutwa. Wanaopanga mishahara kwa kutazama tu nani atakubali nini leo wangefanya vyema kuukumbuka mwenendo huo.

Kijana anayeingia sokoni mara ya kwanza hana mshahara wa zamani wa kumfunga, lakini hakosi namba. Huichukua kwa kaka aliyeajiriwa kabla uchumi haujadorora, kwa waliohitimu mwaka uliotangulia (na waliopata ndio wanaosimulia, waliokosa hukaa kimya), au kwa ngazi za mishahara ya serikali, ambazo mara nyingi ndizo pekee zilizochapishwa hadharani. Mjini Addis Ababa, Ethiopia, watafiti waliandaa maonyesho ya ajira yaliyowakutanisha vijana wenye elimu na makampuni, wakitarajia kwamba kikwazo kilikuwa pande hizo mbili kutoonana. Zilipatikana ajira chache mno, takriban moja kwa kila makampuni kumi yaliyohudhuria. Kilichojitokeza ni kwamba kila upande ulikuja na picha isiyo sahihi ya mwenzake: vijana juu ya mishahara na sifa zinazotakiwa, waajiri juu ya ubora wa waombaji. Baada ya kukutana, pande zote mbili zilirekebisha mawazo yao na kuongeza juhudi katika njia rasmi za kutafuta kazi na kuajiri. Ofa chache za kweli, hata zilizokataliwa, zilikuwa zimefanya kazi ya kufundisha ambayo tetesi za mtaani haziwezi kuifanya.

Nchini Jordan tatizo lilikuwa tofauti, nalo linatulazimisha kukiri kwamba neno mshahara haliwezi kuubeba mzigo wote. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watafiti waliwaunganisha vijana waliohitimu na waajiri waliokuwa na nafasi wazi. Katika asilimia 28 ya matukio vijana walikataa hata kwenda kwenye usaili, na pale ofa ilipotolewa, asilimia 83 ya ofa hizo zilikataliwa au kazi ikaachwa baada ya muda mfupi. Maelezo ya watafiti ni kwamba pamoja na kizingiti cha mshahara kulikuwa na kizingiti cha hadhi: kazi ambayo familia na majirani wangeiona kuwa ya chini kwa msomi haikuwa na thamani ya kupokelewa. Mtu anaweza kuudharau mwenendo huo akiwa mbali. Aliyewahi kuulizwa kwenye harusi anafanya kazi gani siku hizi ataelewa kwamba hadhi nayo ni malipo, na kwamba ikikosekana mwajiri hulazimika kuifidia kwa fedha au kumkosa mtu.

Umbali una mantiki hiyo hiyo. Nchini Ufaransa, anayejiandikisha kwenye huduma ya ajira huulizwa mambo mawili kwa pamoja: mshahara wa chini atakaoukubali, na safari ndefu kupita zote anayoweza kuivumilia. Thomas Le Barbanchon, Roland Rathelot na Alexandra Roulet walizitumia kumbukumbu hizo, wakakuta kwamba wanawake hutaja mshahara wa chini kidogo na safari fupi zaidi kuliko wanaume, na kwamba gharama ya safari huwalemea kwa takriban asilimia 20 zaidi. Mwanamke anayekubali mshahara pungufu karibu na nyumbani si lazima awe ameidharau kazi yake. Huenda amenunua saa moja ya jioni, na ameilipia kwa mshahara.

Linabaki suala linalozusha ubishi kuliko yote, la mafao ya kukosa ajira. Hoja ya kawaida ni kwamba mafao huwapa watu jeuri, nao hupandisha vizingiti na kukaa nyumbani. Sehemu ya mwisho ya hoja hiyo ina ushahidi. Nchini Austria, waliokuwa wamefikisha miaka mitatu kazini walilipwa kiinua mgongo cha mishahara ya miezi miwili, na David Card, Raj Chetty na Andrea Weber walionyesha mwaka 2007 kwamba fedha hizo zilipunguza kasi ya kupata kazi kwa asilimia 8 hadi 12. Lakini mishahara waliyoipata hatimaye haikuwa mikubwa zaidi. Pale ambapo muda wa mafao nchini humo uliongezwa kutoka wiki 30 hadi 39 kwa waliofikisha miaka 40, Arash Nekoei na Andrea Weber waliona mishahara mipya ikipanda kwa nusu asilimia tu. Nchini Ufaransa, kuongeza muda wa mafao hakukubadilisha mshahara wa chini uliotajwa na watafuta kazi. Inaonekana basi kwamba mafao hubadilisha zaidi mwendo wa kutafuta kuliko kizingiti chenyewe, na hilo linalingana na yaliyotangulia: kama kizingiti kimefungwa kwenye kumbukumbu, fedha ya leo haina nguvu kubwa ya kukifungua.

Wakati kizingiti kimesimama palepale, soko halisimami. Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walituma maelfu ya wasifu wa kubuni kwa waajiri katika miji 100 ya Marekani, wakibadilisha muda ambao mwombaji alikuwa bila kazi. Kadiri muda huo ulivyorefuka ndivyo simu za kuitwa kwenye usaili zilivyopungua, na sehemu kubwa ya upungufu ilitokea katika miezi minane ya kwanza. Rudi kwenye hesabu ya 700 na 900. Mtafuta kazi aliweka imani yake mwanzoni, ofa zilipokuwa na nafasi nzuri ya kuja. Kila mwezi unaopita unaipunguza nafasi hiyo, naye hana njia ya kuliona hilo, kwa sababu simu isiyopigwa haileti maelezo. Utafiti wa Andreas Mueller, Johannes Spinnewijn na Giorgio Topa unaonyesha kwamba walio bila kazi kwa muda mrefu ndio wanaozidisha matumaini juu ya lini watapata kazi, kwa sababu hawashushi makadirio yao ingawa nafasi zao halisi zimeshuka.

Kushusha kizingiti, kwa upande mwingine, si dawa ya uhakika kama inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Truman Bewley alizungumza na zaidi ya watu 300 wa Marekani wanaohusika na ajira, wakiwemo mameneja na viongozi wa wafanyakazi, na akakuta kwamba waajiri wengi walisita kumchukua mtu aliyezoea mshahara mkubwa hata alipokuwa tayari kulipwa kidogo, kwa hofu kwamba angeondoka mara tu hali ikitengemaa au angekaa kazini akiwa na kinyongo. Kwa hiyo mshahara wa zamani humfunga mtu mara mbili, kwanza katika kichwa chake mwenyewe, kisha katika kichwa cha anayemsaili.

Baadhi ya sheria mpya zinaelekezwa hasa kwenye fundo hilo. California na Massachusetts ziliwazuia waajiri kumuuliza mwombaji alikuwa akilipwa kiasi gani, na sheria hizo zilianza kutumika mwaka 2018. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 maelekezo yanayozitaka nchi wanachama, kufikia Juni 2026, kuhakikisha kwamba mwajiri anamjulisha mwombaji kiwango cha mshahara wa nafasi anayoiomba kabla ya usaili, na kwamba haulizi alilipwa nini zamani. Kati ya masharti hayo mawili, naona la kwanza ndilo lenye uzito zaidi kwa mtu asiye na kazi. Kuzuia swali kunamficha mwajiri namba ya zamani, lakini mwombaji bado anayo kichwani. Kumjulisha mapema kiwango cha nafasi kunampa namba ya pili ya kuilinganisha nayo, na anaipata akiwa bado nyumbani, kabla hajatoa nauli.